Nyota Moja Angavu na Wenzake Waliojificha

Kama gazeti hili limekufikia kati ya mwezi wa Desemba na mwezi wa Machi, na kama mawingu ya mvua yanakupa nafasi, fanya hivi usiku wa leo. Mkisha kula, waite watoto, tokeni uani, mwende mbali kidogo na taa na moto wa jikoni, mkae kimya mpaka macho yazoee giza. Kisha inueni vichwa. Tafuteni nyota tatu zilizopangana katika mstari mmoja, zilizo karibu sawa kwa mwanga, zimekaribiana kama watu watatu wanaopanda mlima wakifuatana. Mkiziona mtazijua, maana hazina mfano.

Mwezi wa Desemba, kama saa mbili za usiku, utazikuta zimepanda kiasi upande wa mashariki. Mwishoni mwa Januari, yapata saa tatu na nusu, zimefika utosini hata shingo inauma. Mwezi wa Machi zimekwisha kuelekea magharibi. Tuseme sasa ni Desemba nawe umeelekea mashariki. Upande wa kushoto wa zile tatu utaona nyota kubwa yenye wekundu kama kaa la moto. Jina lake ni Betelgeuse. Upande wa kulia utaona nyingine, nyeupe yenye ubluu kidogo, inayometa kwa ukali. Hiyo ndiyo Rigel, na ndiyo ninayotaka tuzungumze habari zake leo.

Watu wa Ifakara, wa Sumbawanga na wa Iringa wana haki ya kujivuna kidogo. Rigel hupita karibu sawasawa juu ya mapaa yao, kwa sababu njia yake mbinguni inalingana na mahali nchi yao ilipo duniani. Watu wa Ulaya huiona chini, upande wa kusini, tena wakati wa baridi kali. Sisi tunaiona kwa raha, na hatuhitaji koti.

Kundi hili la nyota si geni kwa watu. Wagiriki wa kale waliona ndani yake umbo la mwindaji, wakamwita Orion. Waswahili wenye elimu ya nyota walifuata Waarabu, wakamwita Jabari. Katika Biblia, kitabu cha Yobu kinamtaja pamoja na Kilimia, lile kundi dogo la nyota ambalo wazee wetu walilitazama ili wajue majira ya kulima. Zile tatu ni mkanda wa huyo mwindaji. Na jina Rigel limetokana na neno la Kiarabu lenye maana ya mguu, kwa sababu nyota hiyo iko pale mguu wake unapokanyaga.

Sasa mwulize mtoto wako: ile nyota ni ngapi? Atacheka, aseme, ni moja. Nawe utasema hivyo hivyo, na mimi pia, maana macho yetu hayaoni zaidi. Walakini si moja. Ni nne kwa uchache, na labda ni tano. Lakini ile kubwa inazimeza nyingine kwa mwanga wake. Watu walihitaji zaidi ya miaka mia moja ya kutazama na kupima ili kuzifumbua moja moja, na mwingine alidhihakiwa kwa kusema tu kwamba vitu vya namna hiyo vipo.

Jitu lenyewe

Kwanza tuitazame ile kubwa. Kwa nini ina ubluu na mwenzake wa upande wa pili ana wekundu? Mwendee mhunzi. Anapotia chuma motoni na kijana akavuta mivukuto, chuma huanza kuwa chekundu, kikizidi kupata moto huwa cha manjano, kikizidi tena huwa cheupe. Nyota ni vivyo hivyo. Ile nyekundu ndiyo yenye moto mdogo. Nyeupe ya bluu ndiyo kali kupita zote. Jua letu, usoni pake, lina joto la digrii 5,500 hivi. Rigel ina kama 12,000.

Ukubwa wake je? Ungepanga majua kama letu kwa mstari mmoja, ungehitaji majua 70 na zaidi ili yatoshe kuvuka Rigel kutoka ukingo mmoja hadi mwingine. Kama ingewekwa mahali pa jua letu ingejaa karibu mpaka njia ya Utaridi, ile sayari ya kwanza. Dunia yetu isingeguswa na mwili wake, lakini hilo lisingetusaidia kitu, maana Rigel inatoa mwanga na joto kuliko jua letu si mara mia wala mara elfu. Wataalamu hawajakubaliana kabisa, ila wenye kuhesabu kidogo husema mara 60,000, na wengi husema mara 100,000 na zaidi. Bahari zingekauka, na mawe yangeyeyuka.

Basi mbona inaonekana kama nukta tu? Kwa sababu ya umbali. Hapa hesabu ya kilomita inachosha, kwa hiyo wataalamu wanatumia mwendo wa nuru. Nuru huenda kilomita 300,000 kwa sekunde moja. Kabla hujamaliza kutamka neno “Tabora,” imekwisha izunguka dunia yote mara kadhaa. Kutoka juani hadi shambani kwako nuru inatumia dakika 8 na kitu. Tazama sasa nyota inayoitwa Sirius, ile angavu kuliko nyota zote za usiku, inayochomoza baada ya Orion na kumfuata nyuma. Nuru ya Sirius inatumia miaka 8 na nusu hivi. Iliyoingia machoni pako leo iliondoka huko wakati mtoto wako wa darasa la pili alipokuwa hajatambaa. Lakini Rigel iko mbali kuliko Sirius mara 100. Nuru yake inatumia miaka 860 hivi kutufikia.

Fikiri kidogo juu ya jambo hilo. Mwanga unaouona usiku huu ulitoka kwenye nyota ile katika karne ya 12. Vasco da Gama alifika Mombasa na Malindi mwaka 1498; wakati huo mwanga huu ulikuwa umekwisha kusafiri zaidi ya miaka 300, na bado ulikuwa na safari ya miaka mia tano na ziada mbele yake. (Nawauliza wale wanaotoza watu fedha kwa kuwasafishia nyota: ngazi yao ina urefu gani?)

Kama mtu angeweza kuivuta Rigel na kuiweka karibu kama Sirius, usiku usingekuwa giza tena wakati ikiwa juu. Ungetembea njiani na kuona kivuli chako. Na kama angelifanya kinyume, akalipeleka jua letu huko iliko Rigel, usingeliona kabisa, hata usiku wa giza nene. Jua hili linalokausha mahindi na kuchoma migongo ya walimaji lingekuwa hafifu mara 200 na zaidi kuliko nyota ndogo kabisa inayoonekana kwa macho. Neno hili nakuomba ulikumbuke, maana tutalirudia tutakapofika kwa wale wenzake Rigel.

Padre aliyechekwa

Katika mji wa Mannheim, huko Ujerumani, alikuwako padre wa Shirika la Yesu, jina lake Christian Mayer. Alizaliwa mwaka 1719. Mtawala wa nchi ile alimjengea mnara wa kutazamia nyota na kumpatia vyombo vizuri. Mwaka 1773 Shirika lake lilifutwa, akapoteza ndugu zake wa kitawa, lakini mnara ulibaki, na Padre Mayer aliendelea kupanda ngazi kila usiku usio na mawingu. Akaona jambo lililomshangaza. Pembeni mwa nyota nyingi angavu, karibu sana, palikuwa na vinukta hafifu. Mwaka 1777 na 1778 akatangaza kwamba vinukta hivyo ni wafuasi wa zile nyota kubwa, yaani vinaandamana nazo kama askari wanavyoandamana na mfalme.

Alishambuliwa. Mmoja wa waliompinga alikuwa Maximilian Hell wa Vienna, naye ni Myesuiti kama yeye, mtu mwenye sifa kubwa katika elimu ya nyota. Basi ilikuwa padre kwa padre, na barua zao hazikuwa za upole. Padre Mayer aliandika kitabu kizima kujitetea, kisha akatoa orodha ya nyota pacha kama 80, ya kwanza ya namna hiyo duniani.

Usidhani kwamba waliompinga walikuwa wajinga. Simama mlangoni kwako utazame mwembe wa jirani na kilele cha mlima nyuma yake. Vyote viwili vinaonekana pamoja, kilele kimegusana na tawi. Lakini je, viko pamoja? La, kimoja kiko hatua hamsini na kingine kiko mwendo wa siku mbili. Ndivyo watu wengi walivyofikiri juu ya nyota: ile angavu iko karibu, ile hafifu iko mbali nyuma yake, nazo zimetokea tu kuwa katika mstari mmoja. Mchungaji mmoja Mwingereza, John Michell, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1767 kwamba jozi za namna hiyo ni nyingi mno kuwa za bahati tu. Lakini hesabu yake haikuvuma.

Aliyeleta ushahidi alikuwa William Herschel, mpiga kinanda kutoka Hanover aliyehamia Uingereza. Huyu alisugua vioo vya darubini kwa mikono yake mwenyewe. Kazi hiyo ikianza haikatizwi, na siku nyingine alisugua saa 16 bila kuondoa mikono, huku dada yake Caroline akimtia matonge kinywani. Ajabu ni kwamba Herschel mwenyewe alianza akiamini habari ya mwembe na mlima. Alitafuta jozi za nyota ili apime umbali wa ile ya karibu kwa kuilinganisha na ile ya mbali. Katika kutafuta huko, tarehe 1 Oktoba 1781, aliielekeza darubini yake kwenye Rigel. Akaona, pembeni mwa ule mng’ao, nukta moja ndogo.

Mwaka 1803, baada ya kuzitazama jozi zake miaka karibu 25, Herschel aliandika kwamba baadhi yake zimesogea, na kwamba zinazunguka moja na nyingine. Nyota pacha zipo kweli. Padre Mayer hakuyasikia. Alikuwa amekufa mwaka 1783.

Kimulimuli mbele ya taa ya lori

Tuirudie ile nukta ya Herschel. Mwaka 1822 mtaalamu F. G. W. von Struve, aliyefanya kazi katika mji wa Dorpat, ambao leo huitwa Tartu, alipima kwa uangalifu mahali ilipo. Umbali kati yake na Rigel, kama tunavyouona kutoka huku, ni mdogo ajabu. Chukua sarafu, mpe mtoto, mwambie aende nayo mbali, urefu wa viwanja vitano vya mpira vilivyounganishwa. Upana wa sarafu hiyo, ukiitazama kutoka ulipo, ndio nafasi iliyoko kati ya Rigel na mwenzake. Tena mwenzake ni hafifu kuliko yeye mara 400 na zaidi. Kama umewahi kusimama barabarani usiku lori likakuwashia taa usoni, jaribu kufikiri kwamba karibu na kioo cha taa ile anaruka kimulimuli mmoja. Utamwona? Hata wenye darubini ndogo mara nyingi humkosa. Hewa ikitikisika kidogo tu, ule mng’ao unamfunika.

Wataalamu humwita Rigel B, na ile kubwa huitwa A. Si majina ya kupendeza, nakiri, lakini ndivyo walivyozoea.

Je, B ni mwenzake kweli, au ni mlima nyuma ya mwembe? Tangu Herschel hadi leo zimepita zaidi ya miaka 240, na B haijaonekana kuzunguka hata kidogo. Lakini kitu kimoja kimeonekana. Nyota zote husogea polepole mno mbinguni, kila moja na njia yake. Na hizi mbili zinasogea pamoja, upande mmoja, kwa mwendo mmoja. Ukiona mzee na kijana njiani saa za asubuhi, ukawakuta tena wako pamoja adhuhuri, na jioni wangali pamoja, utasema hawa wanasafiri pamoja. Na sababu ya kutozunguka inajulikana. Kati ya A na B kuna nafasi isiyopungua mara 2,200 ya ile iliyoko kati ya dunia na jua, hata nuru yenyewe inatumia karibu siku 13 kuivuka. Kwa umbali huo mzunguko mmoja unakadiriwa kuwa wa miaka 24,000. Miaka yote ya kutazama kwetu ni sawa na mtu aliyetazama mshale mdogo wa saa kwa dakika chache, kisha akauliza mbona hauendi.

Karani wa mahakama

Hadithi ingeweza kwisha hapo, lakini huko Chicago, Marekani, palikuwa na mtu mmoja, jina lake Sherburne Wesley Burnham, aliyezaliwa mwaka 1838. Hakuwa mtaalamu. Kazi yake ilikuwa ya mahakamani: kuandika kwa hati ya mkato maneno yote yanayosemwa na mawakili na mashahidi. Mchana kutwa aliandika habari za wezi na wadeni. Usiku alitoka uani kwake, alikokuwa na darubini nzuri yenye kioo cha upana wa sentimita 15 tu, iliyotengenezwa na fundi mashuhuri Alvan Clark. Kwa darubini hiyo aligundua nyota pacha ambazo wakubwa wenye darubini kubwa walizipita bila kuziona, maana macho yake yalikuwa makali kupita ya watu wengi. Katika maisha yake alipata zaidi ya 1,000. Mimi huyu ndiye nimpendaye kuliko wote katika habari hizi, kwa kuwa muda mrefu alifanya kazi hiyo baada ya kazi, bila mshahara.

Mwaka 1871 Burnham alimtazama yule kimulimuli wa Rigel akaona kwamba umbo lake si la mviringo. Akashuku. Miaka saba alishuku tu. Mwaka 1878, alipokuwa amepewa ruhusa ya kutumia darubini kubwa ya Chicago, alimwona waziwazi: B si nyota moja. Ni mbili zilizokaribiana kabisa, karibu sawa kwa mwanga. Ile ya pili sasa huitwa C. Hizo mbili huzungukana kwa muda unaokadiriwa kuwa miaka 63, yaani umri wa mzee aliyekwisha kuona wajukuu.

Sasa tunazo tatu. Ya nne haikuonekana kwa jicho lolote, wala haijaonekana hadi leo, ila imejulikana. Namna gani? Hapa yatubidi kwenda Roma.

Huko Roma, juu ya paa la kanisa la Mtakatifu Ignasi, alikuwako Padre Angelo Secchi, Myesuiti mwingine. Tangu miaka ya 1860 alipitisha mwanga wa nyota katika kioo cha pembetatu, ukatawanyika kuwa rangi za upinde wa mvua. Ukiuchungulia upinde huo vizuri, unaona umekatwa na mistari myembamba ya giza. Mistari hiyo ni alama ya vitu vilivyomo katika nyota, kama alama za chuma moto zinavyomtambulisha mwenye ng’ombe. Padre Secchi alipima nyota zaidi ya 4,000 akazigawa katika aina zake, nyeupe za bluu mbali, za manjano mbali, nyekundu mbali. Alikufa mwaka 1878, mwaka uleule Burnham alipoitenganisha B.

Waliomfuata walijifunza zaidi. Umepata kusikia honi ya basi linalokuja mbio? Linapokaribia sauti ni nyembamba. Likishapita na kwenda zake, sauti inakuwa nene. Mwanga nao una tabia hiyo. Nyota ikija kwetu, mistari yake husogea kidogo upande wa bluu; ikienda mbali, husogea upande wa nyekundu. Na walipoutawanya mwanga wa B wakakuta mistari yake ni jozi mbili. Jozi moja ikisogea huku, nyingine husogea kule; kisha hubadilishana, na mzunguko huo unatimia kwa siku 9 na saa 20 au 21 hivi. Maana yake nini? Kwamba B yenyewe ni nyota mbili zinazozungukana mbio kwa muda usiofika siku kumi, zimekaribiana hivi kwamba hakuna darubini ya kawaida inayoweza kuzitenga.

Basi hesabu na wanao: jitu moja, A, wawili wakimbiao pamoja, walioitwa B, na C, anayewazunguka hao wawili kwa mbali kidogo. Nne. Na hao watatu wadogo kwa pamoja wanafanya ile safari ya miaka 24,000 kulizunguka jitu.

Nimewaita wadogo na hafifu. Hapo ndipo ukumbuke lile neno la jua letu. Kila mmoja wa hao watatu anang’aa kuliko jua letu mara makumi, na vitu vilivyomo ndani ya kila mmoja vingetosha kufanya majua matatu au manne kama letu. Wangekuwa peke yao, kila mmoja angekuwa jua la kutisha. Uhafifu wao wote ni kwamba wamesimama karibu na Rigel.

Nani atabaki

Sasa swali ambalo bila shaka kijana mmoja uani kwako amekwisha kuuliza: itazimika lini?

Mtu angedhani jitu ndilo litakaloishi muda mrefu, maana lina akiba nyingi. Vitu vilivyomo ndani ya Rigel vingefanya majua kama 20. Lakini moto wa kuni nyingi zilizowashwa kwa mara moja hauishi usiku kucha. Rigel inatumia akiba yake kwa pupa. Ina umri wa miaka milioni 8 hivi, ambao kwa nyota ni utoto, na tayari haidrojeni iliyokuwa katikati yake imekwisha kuungua. Wale watatu wanaochoma polepole wanaweza kuendelea zaidi ya miaka milioni 100. Na jua letu, lenye moto mdogo kuliko wote hao, lina miaka milioni 4,600, nalo bado liko katikati ya maisha yake.

Mwisho wa nyota kubwa kama Rigel ni kuporomoka ndani yake na kupasuka. Haitatokea kesho, wala hesabu za wataalamu haziitaji karne hii. Wanahesabu kwa mamia ya maelfu ya miaka na zaidi. Hata Betelgeuse, ile nyekundu, inatazamiwa kutangulia. Siku itakapotokea, watakaokuwapo duniani wataona nyota yenye mwanga kama wa nusu mwezi, itakayoonekana hata mchana. Jambo la namna hiyo lilikwisha kutokea: mwaka 1054 Wachina waliandika habari za nyota mpya iliyoonekana mchana kwa siku 23, na mabaki yake bado yanaonekana kwa darubini kama wingu. Dunia haikudhurika. Kwa umbali wa Rigel pia haitadhurika, na yeyote atakayekuja kijijini na maneno ya kutisha juu ya nyota kupasuka na kutuchoma sote, mwambie kwa heshima aketi, ale, aende zake.

Wale wenzake Rigel watakuwa na shida zaidi. Kinachowashika katika mzunguko wao ni uzito wa jitu. Ukizungusha jiwe katika kombeo na kamba ikakatika, jiwe huenda zake moja kwa moja. Rigel ikipasuka na kutawanya sehemu kubwa ya mwili wake, huenda wale watatu wakafunguliwa namna hiyo, wakashika njia yao wenyewe. Lakini wao kwa wao wataendelea kushikana, kwa kuwa uzito unaowaunganisha ni wao wenyewe. Wawili watakimbizana kwa siku kumi kasoro kama zamani, wa tatu akiwazunguka, na hapo watakuwa hawana tena wa kuwafunika.

Imebaki ile ya tano. Mwaka huohuo wa 1878 Burnham alizioandika habari za kinukta kingine karibu na Rigel, upande wa kaskazini, mbali kidogo kuliko B na hafifu kupita kiasi, akakipa herufi D. Katika miaka yetu hii chombo Gaia, kilichorushwa na mataifa ya Ulaya mwaka 2013 kupima mahali pa nyota, kimekikuta kiko karibu umbali uleule wa Rigel. Nacho si jitu, wala si jua kali la bluu. Ni nyota ya namna ya jua letu, labda ndogo kidogo. Kama kweli ni mmoja wa jamaa hiyo, mzunguko wake mmoja unakadiriwa kuwa wa miaka 250,000. Na kama si mmoja wao, ni mlima nyuma ya mwembe. Wapimaji bado hawajaamua, na katika orodha zao kinaendelea kuandikwa D, kama Burnham alivyokiandika.